Nyuma ya Kochi

Shemeji yangu,

Hapa hatujambo. Bomba la jikoni limetengenezwa, na paka amerudi amenona kuliko alivyoondoka.

Umeuliza kama uje Jumamosi kuchukua vichwa vya treni vya kuchezea vya kaka yako. Njoo. Nimevifunga kwa magazeti, kumi kwa jumla. Kile cha kijani, cha kumi na moja, bado kiko kwenye reli yake inayozunguka sebule.

Unakumbuka kilivyokuwa kikizima nyuma ya kochi? Kaka yako, mkono kwenye swichi, alikuwa anapiga kelele, "Mke wangu, dereva wako kasinzia tena!" Nami namjibu, "Mfukuze kazi basi," huku nakisukuma kwa kidole. Kila jioni, miaka ishirini.

Baada ya mazishi ulikiona kimekwama, ukapangusa reli pale kwa spiriti mpaka kitambaa kikawa cheusi. Ukasema ni uchafu tu, unazuia umeme. Ulinitendea wema, ndiyo maana sikukuzuia.

Jana nilikiwasha, nikakaa kwenye kochi, kidole tayari. Kikapita. Kikazunguka chumba kizima, kikapita tena.

Shemeji, kaka yako alisafisha reli zile kila Jumapili, nikidhani ni mzunguko mzima. Sasa ndiyo naelewa kwamba pale nyuma yangu alikuwa anapaacha na uchafu wake makusudi.

Hicho cha kijani niachie. Na kama unajua reli huchukua muda gani kuchafuka, niambie.

Wasalimie watoto.

Ni mimi,
mke wa kaka yako