Wiki Sita Bila Sauti

Jumanne, 5 Agosti
Mazoezi ya sauti alfajiri, kama kila siku. Noti za juu zimekwama tena. Nikaenda hospitali. Daktari kaona vinundu kwenye nyuzi za sauti. Dawa ni kunyamaza wiki sita. Hata kunong'ona hapana. Mashindano ya kwaya Handeni yamo ndani ya wiki hizo. Nimelia njia nzima hadi nyumbani Masuguru.

Alhamisi, 7 Agosti
Elia, mume wangu na mwalimu wa kwaya yetu, anataka tuuache wimbo wangu mpya. Unategemea solo, na solo ni mimi. Nimemwandikia: Wimbo hauachwi. Nimeutunga miezi minne. Akauliza nani ataimba. Nikaandika: Tutafute.

Jumamosi, 9 Agosti
Mabinti watatu wamejaribu solo. Wote wananiiga, hadi pale ninapovuta pumzi. Haifai. Kisha alto, wanawake wa sauti ya chini, wakapotea, na Mama Nuru akaimba peke yake kuwarudisha kwenye njia. Huyu alikuwa mchuma chai Dindira. Yuko alto miaka ishirini, hajawahi kuongoza. Kanisa zima likageuka kumtazama. Ni yeye.
Sikufurahi. Nimeona wivu.

Jumatano, 13 Agosti
Nimeushusha wimbo ufae sauti yake. Ile noti ndefu ya mwisho, watu wanaponipigiaga vigelegele, nimeikata. Wimbo umekuwa mzuri zaidi. Hilo ndilo limeniuma.

Jumapili, 31 Agosti
Mama Nuru amekataa tangu Elia amwombe. Anasema watu watamcheka. Leo nimemfuata nyumbani na daftari. Nikaandika, lakini miwani yake imevunjika, hasomi. Nikabaki nimesimama jikoni kwake kama bubu. Basi nikanyoosha mkono, nikaupandisha na kuushusha kama wimbo unavyokwenda. Akaacha kupukuchua mahindi. Akaimba akifuata mkono wangu, mwanzo hadi mwisho.
"Haya, mwanangu," akasema. "Lakini siku hiyo usimame mbele yangu. Nisipokuona, siimbi."

Ijumaa, 12 Septemba
Kesho. Sijala. Nina hofu kuliko siku zote nilizoimba mwenyewe.

Jumamosi, 13 Septemba
Handeni. Tumepangwa wa mwisho. Elia kanipisha, nikasimama mbele ya kwaya, mgongo kwa watu. Nikanyanyua mkono, Mama Nuru akaufuata. Ubeti wa kwanza wa kawaida tu. Wa pili akashuka chini kabisa, kwaya ikamwitikia, na nyuma yangu nikasikia viti vinasogea. Sikugeuka. Pambio la mwisho watu wamesimama, wanaimba nasi. Watu nisiowajua. Maneno niliyoyaandika kwenye meza yangu ya jikoni.
Sikutoa hata mguno, na ukumbi mzima ulikuwa unaniimba.
Tumekuwa wa kwanza. Waamuzi wakamwita mtunzi. Wakanipa kipaza sauti, nikatikisa kichwa, Elia akawaeleza. Watu wakacheka, kisha wakapiga makofi hadi nikakosa pa kutazama. Miaka kumi na miwili naimba, sijawahi kupigiwa makofi ya namna ile. Njiani kurudi Mama Nuru alinishika mkono hadi tunafika Korogwe.

Jumatano, 17 Septemba
Vinundu vimenywea. Nimeruhusiwa kuongea kidogo kidogo. Neno la kwanza nilimuuliza Elia kama amekula. Akafuta macho.
Kwaya mbili za Handeni na moja ya Magoma zimeomba noti za wimbo. Nimeanza kunakili. Mimi ni mtunzi. Nimeliandika hapa nilione.

Jumapili, 21 Septemba
Kabla ya ibada Elia kauliza kama nairudia solo. Nikamwambia ni ya Mama Nuru. Nikaenda kusimama na alto, safu ya nyuma. Nimeimba taratibu, kwa sauti ndogo. Ubeti wa tatu una mahali pagumu. Nimepakosea, wimbo wangu mwenyewe, na dada wa kando yangu akanikanyaga mguu kunirekebisha.
Kesho nitafanya mazoezi.