Maji ya Chifu

Jumanne, 9 Septemba

Nimempunguzia Chifu maji machafu na kumwongezea masafi, kikombe baada ya kikombe, kama kila Jumanne. Kisha nimemgeuza Musyoka aelekee tangi. Tangu kiharusi kimwangushe, mume wangu hana kazi nyingine ila kumtazama samaki wake akizunguka. Mzee anamtazama mzee. Chifu amepauka mgongoni, ile rangi ya machungwa imebaki tumboni tu.

Ndinda bado yupo. Dada yake Musyoka, kutoka Kyuso. Alisema anakuja wiki moja kunisaidia. Anaongea na kaka yake Kikamba mbele yangu, kana kwamba mimi Mkikuyu wa Murang'a nimefika hapa mjini Wote jana. Nasikia kila neno. Leo amemwambia nyumba inanuka samaki.

Simpendi. Basi.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimetoka sokoni nikakuta Chifu juu ya maji, mdomo wazi, anatafuta hewa. Mapezi ameyabana mwilini. Mashavu mekundu kama yamechubuliwa. Tangi linang'aa. Linanuka dawa ya kutoa madoa.

Nikamuuliza Ndinda amefanya nini.

"Si nimeosha tu? Lilikuwa na utando wa kijani. Mama Mumbua, wewe hata asante hujui?"

Amemwaga maji yote ya zamani. Amesugua kioo, amesugua mawe, amejaza maji ya mfereji yakiwa bado yananuka dawa ya kaunti ya kuua vijidudu. Nilimwambia siku ya kwanza kabisa asiguse tangi. Nilimwambia kwa Kiswahili, nikarudia kwa Kikamba.

Nimemhamishia Chifu kwenye karai, maji ya mtungi yaliyokaa tangu juzi.

Ijumaa, 12 Septemba

Binti yetu Mumbua amepiga simu kutoka Nairobi. Ameulizia kwa mtu anayeuza samaki wa mapambo. Asilishwe kwanza. Maji yakae wazi siku nzima kabla ya kumpa. Yabadilishwe kidogo kidogo. Maji ya kisima chetu nisijaribu, yana chumvi mno. Na samaki mzee nisimtarajie sana.

Hilo la mwisho sikuuliza.

Chifu analalia ubavu. Nikimsukuma kwa kidole anainuka, halafu anaanguka tena.

Jumamosi, 13 Septemba

Stima imepotea saa sita mchana. Pampu ya hewa kimya. Nimeketi kando ya karai, nachota kwa kikombe, namimina kutoka juu ili maji yapate hewa. Nachota, namimina. Bega linawaka.

Ndinda amesimama kando ya kitanda cha Musyoka akaomba kwa sauti. Amemwomba Mungu aiondolee nyumba hii mapenzi ya wanyama. Nimechota. Nimemimina. Nimetamani kikombe kimoja kimwangukie kichwani.

Jumapili, 14 Septemba

Sikuenda kanisani. Ndinda alienda, na baada ya ibada akaja na wamama wanne. Wameimba, wamekunywa chai yangu. Mmoja akaniuliza kwa upole kama ni kweli samaki anakula kabla ya mume wangu.

Upole huo ndio umeniuma. Nimejua maneno hayo yametoka wapi. Ndinda alikuwa anaangalia kucha zake.

Jumanne, 16 Septemba

Mfereji umekauka tangu Jumapili. Ulikuwa umebaki mtungi mmoja wa maji matamu, nimeufungua uko jikoni ukae kwa ajili ya Chifu. Nikatoka kutafuta mwingine. Foleni ndefu, jua kali, nimerudi mkono mtupu.

Mtungi wa jikoni mtupu pia.

Sikumwacha Ndinda aseme. Nimemwita muuaji. Nimemwita kila kitu. Kesho asubuhi urudi Kyuso, nimemwambia, usilale hapa siku nyingine.

"Alikuwa amejichafua," akasema. "Amelia. Ningemwoshea nini? Maji ya chumvi ya kisima? Mate?"

Musyoka alikuwa na shuka safi, shati safi. Analala kwa utulivu. Mimi nilikuwa nje natafuta maji ya samaki.

Ana haki. Namchukia zaidi kwa sababu ana haki. Aondoke tu.

Jumatano, 17 Septemba

Ameondoka. Hakuniaga.

Maji yamerudi mchana.

Jumamosi, 20 Septemba

Nimechemsha ndengu mpaka zikalainika, nikazimenya ganda, nikaponda moja kwa kidole. Chifu ameitazama. Ameila. Nimecheka peke yangu kama mwendawazimu.

Nimemrudisha tangini. Anaogelea akiwa ameinama upande mmoja, jicho moja lina ukungu. Lakini anaogelea.

Mgongo unaniua. Musyoka ni mzito, na mtu mmoja hawezi kumgeuza vizuri. Nimeona alama nyekundu nyongani mwake. Ngozi karibu ifunguke.

Jumatano, 24 Septemba

Chifu amezunguka tangi lote leo. Nimemwita Musyoka atazame. Hatazami. Tangu juzi anatazama mlango.

Halafu akasema. Tangu augue ni miguno tu, na leo ametoa neno zima, safi, mpaka nikaangusha sufuria.

"Ndinda."

Miezi yote hii nimemlisha, nimemgeuza, nimemfuta. Neno la kwanza, na ni hilo.

Nimetoka nje nikasimama uani mpaka uso ukapoa.

Ijumaa, 26 Septemba

Kidonda kimefunguka. Nimepiga simu Kyuso. Nimesema, "Kaka yako anakuita." Sikusema zaidi. Akasema sawa.

Jumapili, 28 Septemba

Amefika jana. Sijamwomba msamaha, na yeye hajaniomba. Tumemgeuza Musyoka pamoja, yeye mabegani, mimi miguuni. Amekuwa mwepesi ghafla. Alimshika dada yake kidole na hakukiachilia mpaka akasinzia.

Asubuhi hii Ndinda ameingia jikoni na beseni. Akasimama mbele ya mitungi miwili, hakuinama.

"Hii ni ya nani?"

"Huo wa kushoto ni wa Musyoka. Wa kulia ni wa Chifu."

Akachota wa kushoto.