Vifuniko vya Injini kwenye Mkeka

Musyoka, soma hii peke yako. Nimemfokea mama mkwe. Mama mkwe! Mbele ya wanawake wa kijiji cha Ganda!

Unajua nimefungua injini ya lori langu kuukuu. Vifuniko vya beringi nilivipanga mkekani kwa mfuatano niliovitoa. Kimoja kikikaa mahali pa mwenzake, krankshafti, ule mhimili unaozunguka ndani, inasagika na injini inakufa.

Leo kuna matanga kwa jirani, na mikeka inaazimwa. Narudi nyumbani, mkeka wangu umekunjwa. Mama ametia vifuniko vyote ndooni na kuvisugua kwa sabuni na majivu.

Nikapiga kelele, "Mama, umeniua!"

Akajibu polepole, "Mkwe wangu, maiti yuko kwa jirani. Wewe u mzima. Tupishe."

Wale wanawake wakacheka, Musyoka. Wanakwenda matangani, wanacheka!

Nikavitoa ndooni. Grisi iliyokauka imetoka, na kila kifuniko kina namba. Chenye kovu nilikitoa nafasi ya pili. Kimeandikwa tano. Tano! Fundi aliyetangulia alivichanganya, nami ningevirudisha vilevile.

Mama bado yuko matangani. Njoo twende wote, peke yangu siingii.