Sisimizi Walioipita Sukari

Jumapili, jioni. Tangu asubuhi wingu limeukalia mlima, halitaki kunyesha wala kuondoka. Nami niliamka hivyo hivyo, moyo mzito, sababu siijui.

Sasa naijua.

Mama yuko kwangu wiki hii. Alishuka kutoka Kinole na kiroba cha machungwa, na kabla sijamaliza kumwamkia akaniambia anataka pipi za maganda, zile alizokuwa akitupikia utotoni. Nilishangaa. Baba alipougua kisukari, sukari ilifukuzwa nyumbani kwetu. Hata baada ya kumzika, mguu mmoja ukiwa umemtangulia kaburini, Mama hakuirudisha.

Basi leo nikapika. Nilichemsha maganda nikamwaga maji, nikachemsha tena nikamwaga, mpaka uchungu ukapungua. Kisha nikayatia kwenye shira yenye iliki, moto mdogo, mpaka yakaanza kupitisha mwanga. Mama alikaa kwenye kigoda akinisimamia: nisikoroge ovyo, nisiongeze mkaa, mbona nina haraka kama nimeitwa mahali. Katikati ya maelekezo alikunywa maji, jagi zima, akaenda uani, akarudi akanywa tena. Nikamtania kwamba huko Kinole bila shaka mito imekauka. Alicheka, akaifunga kanga yake upya. Siku hizi kanga inamzunguka na kubaki. Nikajiambia ni ile milima anayopanda kila siku.

Kwa kujidanganya, mimi sijambo.

Pipi niliziopoa nikazianika kwenye ungo, juu ya meza ya uani. Sisimizi wa mtaa huu nawafahamu, hawangoji kualikwa, kwa hiyo nikaenda kutafuta makopo ya maji ya kuweka kwenye miguu ya meza. Niliporudi walikuwa wameshafika, mstari mrefu mweusi. Ila hawakupanda. Walipita chini ya meza, wakaiacha sukari yangu yote, wakaelekea bafuni.

Nikawafuata.

Walikuwa wamejazana kwenye kona ya sakafu, pale Mama anapokojoa usiku ili asihangaike kwenda hadi chooni. Juu ya sakafu palikuwa na majivu yaliyomwagwa kuwafukuza. Si mimi niliyeyamwaga.

Nilisimama pale mikono ikinata shira, nikaogopa kama sijawahi kuogopa. Hata ugonjwa wa Baba ulijulikana hivi hivi, kabla daktari yeyote hajasema neno. Na aliyewaona sisimizi wale wa kwanza alikuwa Mama mwenyewe. Hawezi kusema hajui maana yake.

Nilipotoka nilimkuta amesimama mezani ananitazama. Nikamuuliza amejua tangu lini. Alichukua kipande kimoja cha ganda, akakiinua kwenye mwanga, akaridhika nacho.

"Nilitaka nizile kabla sijakatazwa, mwanangu."

Akala. Sikumzuia. Alitafuna polepole, macho ameyafumba, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sijaiona tangu Baba afariki. Nililia nikiwa nimempa mgongo, nikijifanya naosha sufuria.

Nimemwambia kesho asubuhi, kabla ya chai, tunakwenda hospitali kupima. Amekubali mara moja. Mama yangu, ambaye hata kubadilishiwa mto wa kulalia hubishana, amekubali mara moja, na hilo ndilo linalonitisha kuliko sisimizi.

Pipi zilizobaki nimezitia kwenye chupa, nikaificha juu ya kabati la jikoni nyuma ya masufuria, kama yeye alivyokuwa akitufichia sisi. Naandika haya chumbani. Najiambia kwamba Baba alichelewa, sisi hatujachelewa, dawa zipo, watu wanaishi na kisukari miaka mingi. Inshallah kesho tutajua, na tukijua tutaanza.

Nyumba imetulia. Tuko wawili tu.

Jikoni nasikia kigoda kinaburutwa kuelekea kabatini. Nimeshika kalamu, na sijui niinuke nimzuie, au nimwache ale kipande kimoja tu cha mwisho.