Pakiti ya Mwisho Kwenye Friza Yako, Mama

Mama, mwaka mmoja umetimia tangu moyo wako usimame ghafla, ukiwa umeinamia beseni la picha za watu usiowajua. Tunakuandikia kwa sababu tuna hofu, na tulizoea kukukimbilia wewe tukiogopa.

Ulikuwa fundi cherehani. Lakini mafuriko yalipopita mtaani kwetu uliifunika cherehani, ukatangaza kwamba mwenye picha zilizolowa azilete, hutaki hata asante. Zililetwa kwa ndoo na mifuko. Ukazisafisha moja moja kwa maji baridi na brashi laini, ukazianika kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Zilizonatana ulizitia kwenye friza zisiote ukungu, zisubiri zamu yake. Siku moja Baba alifungua akitafuta nyama, akakuta harusi ya watu. "Mke wangu, leo tunakula bibi harusi?" Ulicheka mpaka ukakaa chini. Mtaa ukakuita Mama Beseni, nawe ukaitika.

Ulikuwa mkali pia, tusikufiche. Aliyegusa uso kwenye picha iliyolowa alikiona cha mtema kuni. "Anzia pembeni! Uso haufutwi, unasubiriwa."

Wiki mbili baada ya kukuzika nikajifanya mjuzi. Nilitoa picha ya babu yake jirani yetu kinyozi, nikaona tope shavuni, nikapitisha kidole. Uso wote ukatoka. Ukabaki kidoleni mwangu, rangi tupu, na juu ya kola ya shati pakawa peupe. Kinyozi alisema, "Si kitu, dada," akaondoka bila kuniangalia. Tangu siku hiyo sikugusa tena.

Ndiyo maana pakiti ya mwalimu wa chekechea ilibaki kwenye friza. Maji yalimchukua binti yake wa pekee, na picha zote za mtoto ni lile bonge moja lililonatana. Ulimwahidi kwa kinywa chako kwamba utamrudishia ule uso. Mwaka mzima amekuwa akipita, anatusalimia, anaulizia afya ya Baba, pakiti haiulizii. Mimi nilikuwa najificha jikoni.

Wiki hii friza imeanza kuzimika yenyewe. Juzi asubuhi tulikuta barafu imekuwa maji na pakiti imelegea. Ikabidi nimwite mwalimu.

"Naogopa," nilimwambia. "Naweza kukupotezea mtoto mara ya pili."

"Hata mimi naogopa. Tia tu majini, tuogope wote."

Tukaliweka bonge kwenye beseni. Baba alishikilia kiti kilichobeba beseni, mdogo wangu akawa anabadilisha maji. Ikapita saa nzima. Picha ya kwanza ikaachia: nyeupe. Ya pili, gauni na viatu, juu hamna kitu. Ya tatu ikaelea, na mtoto akatutazama, anacheka, ana pengo la meno ya mbele.

Mwalimu aliinama mpaka pua ikakaribia maji.

"Pengo," akasema. "Nilikuwa nimeshalisahau. Muda mfupi hivi, na mimi ndiye niliyemzaa." Ndipo akalia.

Alipoondoka, Baba akatuuliza ulikuwa ukishika brashi kwa mkono upi. Mdogo wangu akasema wa kulia. Mimi nikasema wa kushoto. Baba hakuwa na uhakika. Watu watatu tulioishi nawe nyumba moja tukabaki tunatazamana, na hakuna picha yako ukiwa kazini, kwa kuwa hukuwahi kutulia upigwe. Sijawahi kuogopa namna ile, hata siku ya mafuriko.

Unakumbukwa na mumeo, ambaye bado analala upande wake wa kitanda. Na mimi, kifungua mimba wako. Na mdogo wangu, kitinda mimba. Na dada zako wawili, ambao tumewapigia simu kuuliza kuhusu ule mkono, nao wamebishana.

Tutakukumbuka siku zote, Mama. Zamani tungeliandika neno hili bila kufikiri. Leo tumeliandika tukitetemeka.