Vipande Vinne Ndani ya Mkoba

Jumapili jioni. Baridi ya Julai imeketi juu ya mtaa wetu wa Makina tangu asubuhi kama mgeni asiyejua kuaga. Nimejifunika leso mbili na kuvaa soksi za binti yangu Achieng bila ruhusa yake. Miguu inauma kwa kutembea, lakini roho ni nyeupe kabisa, na nikilala bila kuandika haya nitasahau nusu.

Kwanza nikiri.

Mimi ni mlevi wa mkate. Kwa miaka mingi mkate haujawahi kufika nyumbani kwangu ukiwa mzima. Nikitoka dukani karatasi inafunguka yenyewe njiani, na nikifika mlangoni kile kipande cha kwanza chenye ganda kimeshaenda, na cha pili kimemfuata mwenzake. Asubuhi nilikuwa nakula vipande vinne na chai. Saa nne mandazi mawili, maana dada anayekaanga yuko hatua tatu kutoka cherehani yangu, na mtu hawezi kuwa jirani mbaya. Mchana chapati kwa maharagwe ya madondo. Saa kumi chai tena, na chai bila mkate kwangu ilikuwa maji ya moto tu. Usiku ugali, kwa sababu hayo mengine yote sikuyahesabu kama chakula. Yalikuwa ya kushikilia tumbo.

Halafu miezi miwili iliyopita sista wa kliniki akanidunga kidole, akatazama kimashine chake, akakitazama tena. Akasema sukari yangu iko mpakani. Bado sijavuka, lakini nikirudi baada ya miezi miwili kama haijashuka, naanza vidonge vya kila siku. Akaniambia nianze na mkate.

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Basi nikaanza. Sheria yangu ni vipande viwili asubuhi, na baada ya hapo mkate ni wa watu wengine. Wiki ya kwanza nilishindwa vibaya. Nilinunua andazi moja, nikaenda kulila nyuma ya kibanda changu nikiangalia mabati, mtu mzima wa miaka arubaini na nne, fundi wa nguo mwenye heshima zake. Jioni Achieng akaniuliza ile mafuta kwa blauzi ni ya nini. Nikamwambia ni ya cherehani.

Ila kuna kitu nimejifunza kujihusu. Mara nyingi huwa sina njaa. Ni mikono. Nikimaliza kukunja pindo la sketi, mkono wenyewe unaondoka kutafuta kitu cha kutia mdomoni, kama kuku anavyodonoa hata pasipo na punje. Kwa hivyo nikaacha kupigana na mkono, nikaanza kuupa kazi. Karanga kidogo kwenye kikombe, zikiisha zimeisha. Yai boilo, la kuchemsha, na kachumbari saa nne badala ya mandazi. Matango. Jumamosi asubuhi nateremka mtaa wa Silanga kununua mboga za managu na sukuma zikiwa bado na umande, na usiku naweka mboga mlima na ugali kichuguu. Achieng anasema sasa tunaishi kama sungura. Lakini sketi yangu ya kanisani inafunga tena bila pini.

Shida yangu haikuwa chakula. Shida ilikuwa kwamba sikumwambia mtu yeyote ila Achieng. Niliogopa lile neno, sukari. Kwetu likitajwa watu hushusha sauti, na kesho yake wanakuangalia miguu kama itakatwa lini. Zaidi ya wote niliogopa kumwambia Mama Wambui.

Mama Wambui alikuwa mwenye nyumba wangu kule Kabiro, Kawangware, nilipokuja Nairobi mara ya kwanza kutoka upande wa ziwa. Ploti ile waliiacha wazee wake na yeye amezaliwa hapo hapo. Achieng alipozaliwa yeye ndiye aliyenipikia uji mwezi mzima na kunifulia nepi, bila hata kujua jina la kijiji chetu. Nilihamia Makina baadaye, lakini hakuna mwezi umepita bila mimi kwenda kwake au yeye kuja kwangu. Miaka kumi na sita. Dada yangu wa tumbo moja hanijui hivyo. Tatizo lake ni moja: ukimwambia jambo asubuhi, chama chote cha akina mama kimelisikia kabla ya chakula cha mchana.

Wiki mbili zilizopita nilienda kumtembelea. Na kama kila mtu ajuavyo, hakuna kwenda kwa mtu mikono mitupu. Nilimnunulia maziwa, sukari na mkate. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, nilibeba ule mkate kutoka dukani hadi mezani kwake. Ungedhani nimeacha pombe halafu naenda ugenini na chupa.

Akaufungua papo hapo. Akapaka siagi unene wa kidole, akanijazia sahani, akasema, "Kula bana, umekonda. Huko Makina hawakulishi?"

Vipande viwili vya siku hiyo nilikuwa nimeshavila asubuhi. Ningeweza kusema ukweli. Ningeweza kusema nimeshiba, ila kwa Mama Wambui hakuna kushiba, anasema shibe ni ya nyumbani kwako, njaa ndiyo ya ugenini. Nikala kimoja polepole. Alipoenda jikoni kuongeza chai, nikashika vipande vinne vilivyobaki, nikavifunga kwa kitambaa cha mkono, nikavisukuma chini ya mkoba. Aliporudi akaona sahani tupu na akafurahi mpaka nikaona aibu.

Nilisahau jambo moja, na sijui nililisahau vipi baada ya miaka yote hiyo. Mkoba wa mgeni haurudi mtupu. Ukitaka kuondoka Mama Wambui anauchukua mwenyewe na kuujaza, parachichi za mti wake, ndizi, chochote kilichopo. Nilikuwa nafunga viatu. Nikainua kichwa.

Ameshika kitambaa changu. Vipande vinne vimelala ndani yake, na siagi imeshapaka miwani yangu iliyokuwa humo mkobani.

Akavirudisha taratibu, akaweka parachichi tano juu yake, akaniambia niende salama. Nikaondoka kama mwizi aliyepewa zawadi.

Kukataa chakula cha mtu ni kosa dogo, unaomba radhi yanaisha. Kukificha ni kesi nyingine. Maana yake unakiogopa kile chakula, au unamwogopa aliyekupa. Wapo hata wanaosema kuna watu hubeba kipande chako wakipeleke kwa mganga. Nilijua haya yote. Nilimpigia simu jioni ile, hakushika. Nikampigia Jumanne, ikaita mpaka ikachoka. Nikaandika ujumbe mrefu wa salamu na habari za mvua, akausoma, akanyamaza. Wiki mbili zikaisha hivyo, na nakiri nililia mara moja nikiwa nashona sare ya shule, nikaharibu kola.

Jana Achieng akaniambia, "Mathe, si umwambie tu? Ama unangoja akuandikie barua?"

Mtoto wa jana. Lakini alikuwa sawa.

Kwa hivyo leo baada ya kanisa nilitoka kwa miguu, Makina hadi Kabiro, kwanza kwa ajili ya sukari, pili kwa sababu nilitaka njia iwe ndefu. Dukani karibu na lango lake nilisimama muda mrefu mpaka mwenye duka akaniuliza kama nimepotea. Mkate ulikuwa pale mbele, umepangwa, una joto. Nikanunua maziwa na mayai.

Nilimkuta mlangoni anachambua maharagwe. Alinikaribisha, lakini ile karibu ya kukaribisha mtu wa kusoma mita ya stima. Nikakaa. Akaleta chai bila kuniuliza habari za Achieng. Kisha akaleta sahani ya mkate, vipande sita, akaiweka katikati, akakunja mikono.

"Leo hiyo mkoba uweke hapa kwa meza niione," akasema.

Nilitaka kucheka na kulia pamoja. Nikauweka mezani. Halafu nikasema yote, bila kupumzika: kliniki, kimashine, mpaka, vidonge, vipande viwili asubuhi, mpaka lile andazi la nyuma ya mabati. Nilipomaliza chai ilikuwa imepoa.

Alianza na hasira. "Wiki mbili! Wiki mbili nalala nikijiuliza nimekukosea nini. Nikasema labda amesikia kitu. Labda anaona nimemroga. Kumbe ni sukari!"

"Niliogopa utaambia chama."

Akafikiri kidogo. "Ningewaambia," akasema. "Hapo umesema ukweli."

Na hapo ndipo tulipocheka. Tulicheka mpaka mpangaji wa chumba cha kwanza akachungulia kuona kuna nini. Alipofuta machozi akasimama akasema basi mkate uondoke, atanipa nduma, hiyo haina maneno, imetoka shambani. Akarudi na bakuli la nduma zilizochemshwa, kila moja ukubwa wa kiatu, na viazi vitamu juu yake kama kifuniko.

Sista aliniambia wazi kwamba nduma na viazi vitamu navyo vinahesabiwa. Nimetoka tu kusamehewa, na sasa nikatae tena? Mkono ulikuwa umeshaanza safari yake ya kwenda kwenye bakuli. Lakini nikajiambia, nikidanganya sasa nitakuwa nimetembea mpaka Kabiro bure.

Nikamwambia kipande kimoja tu, kisizidi ngumi yangu.

Alinitazama. Akachukua kisu, akaniambia nitoe ngumi, akaipima na nduma kwa makini kama vile mimi hupima kiuno cha mteja, akakata. Kisha akanichemshia yai moja kati ya yale niliyoleta. Sijawahi kulishwa kwa heshima namna ile.

Nilimwambia yeye ale mkate wake, mimi sitamani. Huo ulikuwa uongo, lakini ulikuwa uongo wa adabu. Hakuugusa. Alikuwa anazungusha kikombe, ameangalia nje kwenye kamba ya nguo.

Halafu akauliza kliniki ni lini. Nikamwambia Alhamisi, saa mbili asubuhi, kabla ya kunywa chochote.

"Tutaenda wote," akasema. Kisha, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Mimi hunywa maji usiku kucha siku hizi. Na mama yangu alienda na hiyo sukari. Sijawahi kupimwa. Nimekuwa naogopa."

Miaka kumi na sita, na huyu ambaye hawezi kuweka siri ya mtu hata nusu siku, hiyo yake alikuwa ameifunga vizuri. Alinilisha mikate yote ile akijua anachokiogopa. Nilimshika mkono tu, nao ulikuwa baridi, na vumbi la maharagwe lilikuwa bado limenata kwenye kiganja.

Hatukuongea zaidi kuhusu hilo. Tulizungumza habari za Achieng, za bei ya unga, za mpangaji anayepika samaki usiku. Mkate ulibaki pale katikati ukikauka pembeni, na hakuna aliyeusogelea.

Sijui Alhamisi kimashine kitasema nini juu yangu, na sasa kinachonitia wasiwasi zaidi ni kitakachosema juu yake. Nikipewa vidonge nitameza. Akipewa yeye, nitampigia simu kila asubuhi mpaka achoke, na safari hii atashika. Tutakaa kwenye lile benchi gumu tukiwa na njaa, wawili, tukivuta harufu ya mandazi ya watu wengine, na ninajua atakayeingia kwanza ni yeye, kwa sababu nimeshaamua kumshika mkono mpaka mlangoni.