Taa ya Baba Kule Ziwani

Jumatatu, 5 Agosti 1935

Fundi wa mabati wa mtaa wa Gongoni amekuja tena. Mara ya tatu tangu wiki iliyopita. Mzee Mabruki. Safari hii kaleta kibuyu cha asali. Hapa mtaani kwetu Cheyo hana ndugu wala jamaa — yeye Mwislamu wa mjini, mimi na Mama Wakatoliki wa kuhamia. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Kisha akamgeukia Mama: "Shemeji, lile jambo umeliwaza?"

Shemeji. Baba hakuwa na ndugu Gongoni.

Mama akanituma kisimani. Mtungi ulikuwa umejaa.

Jumatano, 7 Agosti

Shuleni ninapofundisha kaja karani wa serikali, Bwana Sylvester, kaptura imenyooka kwa pasi. Wanataka kuweka taa mpya za kuongoza meli kwenye maziwa makubwa. Yeye anafuata reli, stesheni hadi stesheni, akiandika habari za taa za zamani: zilisimama wapi, ziliwashwa kwa mafuta gani, nani alizitunza. Karatasi za Wajerumani nyingi hazipo. Anasema kabla ya taa za kioo watu walikoka moto kilimani, au walitundika kandili juu ya mti. Kaja Tabora kwa sababu wapagazi wengi walitoka huku. Na taa zile hazikupanda treni hadi ziwani. Zilikwenda kwa miguu.

Hayo nayajua. Baba alibeba kioo. Mama alinisimulia nikiwa mdogo: kutoka pale reli ilipoishia wakati huo hadi Ujiji, kioo ndani ya sanduku lililojazwa pamba, sanduku limening'inia kwenye mti, mtu mbele, mtu nyuma. Kikafika bila ufa. Mjerumani akasema waliokileta ndio watakaokitunza, kwenye mnara ufukweni, mbali kidogo na Ujiji. Ndivyo Raymundi, Mnyamwezi asiyejua kuogelea, alivyokuwa mlinzi wa taa.

Nikamtajia karani jina la Baba. Akafungua daftari — alikuwa nalo tayari. Raymundi, alilala zamuni, taa ikazimika, mashua ikavunjika mwambani, wakafa watu kumi na mmoja. Mwaka 1913. Mimi nilikuwa wa mwaka mmoja. Baba akafungwa, akafia kwenye kazi ya barabara. Nimekua nayo hadithi hiyo. Ndiyo tuliyoikimbia kuja huku. Lakini kuiona kwa wino ni jambo jingine.

Nikauliza, yule mtu wa nyuma alikuwa nani? Karani hajui bado.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimekwenda Gongoni, nikisingizia koroboi inayovuja. Mzee Mabruki alikuwa akilehemu. Mkewe, Bi Batuli, akanipa kigoda na kahawa. Nikauliza kama mtu anayepitisha muda: kioo kikubwa cha taa husafishwaje? Mzee akajibu papo hapo. Majivu yaliyochekechwa, kitambaa laini, na usikiguse kwa kidole, maana alama ya kidole huonekana toka majini.

Toka majini. Halafu akamtupia mkewe jicho.

Bi Batuli alinisindikiza hadi njiani. Kaniambia yeye hali samaki wa ziwani. Kaka yake wa pekee alizama na mashua ile ya mwambani. Nikauliza, Mzee alipata kufika huko? Akasema mumewe alikuwa mpagazi tu, aliishia Ujiji, akarudi zake.

Mkewe mwenyewe hajui. Mtu wa nyuma ndiye huyu.

Jumapili, 11 Agosti

Baada ya misa, Mabruki tena, uani. Nilisimama nyuma ya mlango wa jiko. Sioni aibu.

Alisema karani amefika mjini, na yeye hapati raha, anataka kusema. Mama akamwambia asiseme. Miaka ishirini na miwili amenyamaza, anyamaze hadi kaburini. Mabruki akasema aliapa uongo, mkono juu ya msahafu. Mama akaanza kulia.

Basi. Aliapa uongo, Baba akafungwa. Zamu ilikuwa ya Mabruki. Na Mama anamficha — kwa nini? Asali ile. Shemeji ile. Sitaki kuandika ninachofikiri.

Jumanne, 13 Agosti

Nimempa Bwana Sylvester barua. Nimeandika wazi: aliyeiacha taa ni Mabruki, fundi wa Gongoni, naye akamsingizia mwenzake. Akaisoma mara mbili. Atakuja kwetu Ijumaa asubuhi, na fundi ataitwa.

Jioni Mama kapika mlenda. Aliniuliza kama naumwa. Nikasema hapana. Akanitazama muda mrefu. Amejua kitu?

Alhamisi, 15 Agosti. Kupalizwa Mama Maria.

Lazima niandike.

Tumerudi kutoka misa ya Kipalapala, nje ya mji, kwa miguu, mimi na Mama peke yetu. Vumbi tupu. Nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia: kesho karani anakuja, nimemwandikia kwamba Mabruki ndiye aliyemuua Baba.

Mama alisimama njiani. Akakaa pale pale kwenye majani makavu, na kitenge chake cha sikukuu.

"Vene," akasema, "Mabruki hakuwepo. Alikwenda Ujiji kuleta mafuta."

Nikasema, basi ni Baba kweli.

"Baba yako alikuwa na homa siku ya tatu. Hajitambui. Taa niliiwasha mimi."

Alisema usiku wa kwanza aliweza, na wa pili. Mimi alinilaza nyumbani, chini ya mnara, pembeni ya Baba. Usiku wa tatu upepo ulikuwa mkali, utambi unataka mtu asiondoke. Akanisikia nalia, kisha akasikia nimenyamaza. Akashuka. Alinikuta na degedege, macho yamegeuka. Akanikumbatia, akanimwagia maji, akanikumbatia tena.

"Nilijua taa imezimika. Niliona giza dirishani. Sikupanda."

Mabruki alirudi alfajiri na mafuta. Akayaona yote: mimi mapajani, mnara mweusi, mbao zinaelea. Baba alikuwa amepata fahamu. Akamwomba kwa jina la Mungu: mtoto bado ananyonya, mama yake akifungwa mtoto hafiki wiki. Sema mimi nililala. Mabruki akaapa hivyo. Akarudi Tabora, akamwoa Batuli baada ya matanga ya kaka yake, na hakumwambia neno. Sasa ni mzee, anataka jina la Raymundi lisafishwe kabla hajafa. Mama ndiye anayemzuia.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mimi.

"Ningekuambiaje? Kwamba watu kumi na mmoja walikufa ili wewe upone?"

Tulitembea hadi Cheyo. Jioni nikaenda alikofikia karani, anirudishie barua yangu. Nikaambiwa kaalikwa chakula kwa mkubwa wake, na barua ameshaigonga muhuri.

Ijumaa, 16 Agosti

Wamekuja saa tatu. Bwana Sylvester na daftari lake. Mzee Mabruki kavaa kanzu safi na kofia ya Ijumaa. Bi Batuli kafuatana naye. Hakuna aliyemwita, kasema alisikia habari ni za mashua.

Karani akaisoma barua yangu kwa sauti. Yote. Bi Batuli hakumwangalia karani, alimwangalia mumewe.

Nikadhani sasa Mzee atasema ukweli, alioutaka kuusema siku zote hizi. Nilikuwa tayari. Mama pia, nadhani. Alikuwa ameshika ukingo wa kiti, anataka kusimama.

Karani akauliza, "Mzee, haya ni kweli?"

Mzee Mabruki akamtazama Mama, kisha mimi. Akanitazama kama mtu anayehakikisha mtoto yu mzima.

"Ni kweli," akasema. "Zamu ilikuwa yangu. Raymundi hakulala. Andika hivyo."

Bi Batuli akatoa sauti ndogo, ikakatika. Akajitanda kanga hadi usoni.

Karani kaandika. Anasema jina la marehemu Raymundi litafutwa kwenye makosa, na mimi niweke sahihi yangu kama mleta habari. Nimesema naingia ndani kuchukua kalamu.

Nipo ndani. Mama kaketi pale pale, hajakanusha. Namwona kupitia mlangoni, naye ananiona mimi. Bi Batuli amesimama, anaondoka peke yake kuelekea Gongoni, viatu mkononi. Mzee hamfuati.

Bwana Sylvester ananiita. "Mwalimu, umeipata?"

Kalamu ni hii ninayoandikia.